UZI: "Chini ya ardhi yenu kuna utajiri" – gesi ya sheli, makaa ya Mui, na maswali ya kumuuliza anayeahidi kuchimba

1/ Siasa zikianza kunoga Ukambani, kuna sentensi lazima uisikie: "Watu wangu, mnakaa juu ya utajiri, nipeni kura niutoe." Umati unapiga vigelegele, muziki unarudi, gari linaondoka. Hakuna anayebaki kueleza utajiri huo utatolewa vipi, kwa maji ya nani, na nani atahamishwa. Uzi huu ni wa hayo yaliyobaki. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja, watu tunawaacha.

2/ Kwanza tutenganishe vitu. Kwenye midahalo utasikia mambo matatu yakichanganywa kama isyo kwenye sufuria: makaa ya mawe ya Kitui, mafuta ya Turkana, na gesi ya miamba kama ile ya Marekani. Kila moja lina njia yake ya kuchimbwa, sheria yake na hatari zake. Mtu akiyachanganya, ama hajui, ama anajua lakini anataka wewe usijue.

3/ Gesi ya sheli ni nini? (Hapana, si sheli ya kujaza mafuta pale barabarani.) Sheli ni mwamba uliotokana na matope ya kale yaliyogandamana kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake gesi imenaswa kwenye vitundu vidogo ajabu. Kwenye kisima cha gesi cha kawaida ukitoboa, gesi inapanda yenyewe. Sheli haiachilii gesi kirahisi hivyo. Lazima uipasue.

4/ Inapasuliwaje? Mtambo unachimba kwenda chini kilomita kadhaa, kisha unapinda na kwenda mlalo ndani ya mwamba, kilomita moja, mbili au zaidi. Halafu maji, mchanga na kemikali vinasukumwa kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unapata nyufa. Mchanga unabaki kwenye nyufa ili zisijifunge. Gesi inapata njia. Na kisima kimoja hakitoshi, manake gesi inapungua haraka baada ya mwaka wa kwanza au wa pili. Lazima uendelee kutoboa vipya na vipya.

5/ Sasa hesabu ya maji. Kulingana na idara ya jiolojia ya Marekani, kisima kimoja cha aina hii kinaweza kutumia takriban lita milioni 6 hadi milioni 60. Tuiweke kwa lugha ya nyumbani: lori la maji la lita 10,000, lile linalouzia watu kiangazi, lingehitaji safari 600 kwa kisima kidogo na safari 6,000 kwa kikubwa. Hicho ni kisima kimoja. Uwanja wa gesi una mamia, wakati mwingine maelfu.

6/ Maji hayo hayaishii chini. Sehemu yake hurudi juu yakiwa na chumvi nyingi, kemikali zilizowekwa, na wakati mwingine metali na chembe za mionzi kutoka ndani ya mwamba. Huwezi kuyamwaga mtoni, huwezi kunyweshea ng'ombe. Yanasafishwa kwa gharama kubwa, yanatumiwa tena kwenye kisima kingine, au yanasukumwa chini kwenye kisima cha taka. Kwa hivyo mtu akikuambia "teknolojia ni salama", swali la kwanza ni: maji machafu yataenda wapi, na nani atayakagua?

7/ Kuna na mitetemeko. Oklahoma, Marekani, ilikuwa na matetemeko machache sana. Kampuni zilipoanza kusukuma maji taka kwa wingi ardhini, yakaongezeka, na mnamo Septemba 2016 eneo la Pawnee likapigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.8. Uingereza, Agosti 2019, kazi ya kupasua mwamba huko Lancashire ilisababisha tetemeko la 2.9, na miezi michache baadaye serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Ufaransa ilishaipiga marufuku tangu 2011.

8/ Tuwe wa haki lakini. Gesi hii ilishusha bei ya nishati Marekani. Ilichukua nafasi ya makaa ya mawe kwenye vituo vingi vya umeme, na hewa chafu kutoka vituo hivyo ikapungua. Wamiliki wa mashamba kule walilipwa, kwa sababu sheria yao inaweza kumpa mtu binafsi umiliki wa kilicho chini ya shamba lake. Shikilia hapo kwanza. Hilo la umiliki tutalirudia, manake Kenya ni tofauti kabisa.

9/ Hebu tuangalie nchi zinazofanana na yetu. Algeria, mji wa In Salah, katikati ya Sahara. Mwanzoni mwa 2015 wakazi waliingia barabarani kwa miezi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kupinga visima vya majaribio vya gesi ya sheli. Algeria inajua gesi, imeiuza Ulaya kwa miongo mingi. Watu wa In Salah hawakuwa wanaogopa gesi. Walikuwa wanalinda maji ya chini ya jangwa, ambayo ndiyo uhai wao wote, na ambayo nchi yao inayagawana na Libya na Tunisia.

10/ Afrika Kusini, eneo la Karoo: kame, wafugaji wa kondoo, visima vya upepo kila mahali. Serikali ilisimamisha maombi ya gesi ya sheli 2011, ikafungua tena 2012. Kilichonishangaza zaidi ni takwimu. Makadirio ya Marekani ya 2013 yalisema Karoo ina futi za ujazo trilioni 390. Mwaka 2017 watafiti wa Afrika Kusini wenyewe, baada ya kuchunguza miamba, wakasema kiasi kinachowezekana zaidi ni kama trilioni 13. Kutoka 390 hadi 13! Mara 30 chini.

11/ Funzo: namba inayotajwa jukwaani kabla ya kutoboa ni kadirio, na kadirio si pesa. Funzo la pili kutoka hukohuko: mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilifuta kanuni za upasuaji wa mwamba kwa sababu waziri wa madini alizitunga wakati mamlaka hayo yalikuwa ya waziri wa mazingira. Yaani wakulima na wanaharakati walishinda kwa kuuliza swali la kawaida sana: "Nani amekupa mamlaka ya kusaini hii?"

12/ Argentina ndiyo mfano wa nchi inayoendelea iliyoamua kuchimba kweli, huko Vaca Muerta, mkoa wa Neuquén. Gesi imetoka, na nyingi. Nchi inauza nje. Lakini mji mdogo wa Añelo ulijaa wafanyakazi kabla ya nyumba, shule na mabomba ya maji, na kodi zikapanda mwenyeji akashindwa. Sauzal Bonito, kijiji jirani, ardhi imekuwa ikitetemeka na nyumba kupata nyufa. Jamii za Wamapuche bado zinabishania ardhi. Faida ipo. Swali ni nani aliipata, na nani alibaki na nyufa.

13/ Sasa turudi nyumbani. Hakuna gesi ya sheli inayochimbwa Kenya. Kilichothibitishwa kwetu ni makaa ya mawe, bonde la Mui, Kitui. Utafiti wa serikali ulianza 1999, visima zaidi ya 70 vikatobolewa, na bonde likagawanywa vitalu vinne: A, B, C na D. Kitalu C peke yake kilitangazwa kuwa na tani milioni 400. Mwaka 2011 kampuni ya Uchina, Fenxi, ikapewa vitalu C na D, na mkataba ukatiwa saini Desemba 2013.

14/ Ni miaka mingi tangu sahihi hiyo. Makaa hayajachimbwa kibiashara. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanadhani mradi usipoanza hakuna madhara. Fikiria wewe ni mzazi Mui. Unajenga nyumba ya mawe au unangoja? Unapanda maembe yatakayozaa baada ya miaka minne, au utahamishwa mwaka ujao? Benki itakukopesha kwa shamba lililo ndani ya kitalu? Unamzika mzee wapi? Kungoja kuna gharama, na haiandikwi kwenye ripoti yoyote ya mradi.

15/ Fununu tu ya madini inatosha kuleta madalali. Mtu anauza ekari kwa bei ya kutupa kwa sababu ameambiwa "serikali itachukua bure", na aliyenunua ndiye anayengoja fidia. Kwa sehemu nyingi za Ukambani ambako ardhi haijapimwa yote na hati bado ni ya babu, familia zinaanza kugombana kabla hata ya tingatinga kufika.

16/ Kesi ya Mui ni muhimu hata kama wewe si wa Kitui. Wakazi walifungua maombi mahakamani kati ya 2012 na 2014 wakidai hawakushirikishwa. Mahakama Kuu haikuukata mkataba kama walivyotaka. Lakini uamuzi wake uliweka vigezo vya ushirikishwaji wa umma ambavyo mawakili na majaji wananukuu hadi leo. Kwa lugha yetu, vinasema hivi:

– Mpango wa kushirikisha watu ulingane na uzito wa jambo. Mradi wa kuhamisha vijiji si sawa na wa kupaka soko rangi.
– Watu wapewe habari kwanza, ndipo waulizwe maoni.
– Si lazima kila mtu asikizwe, lakini wale wataoguswa zaidi lazima watafutwe kwa makusudi.
– Maoni yako si amri. Ila serikali lazima iyazingatie kwa nia njema, isije kutimiza ratiba tu.

17/ Linganisha na Lamu. Kituo cha umeme wa makaa kilipewa leseni ya mazingira 2016. Mpango ulikuwa kianze na makaa ya kununua nje, halafu Mui ikiwa tayari yatoke Kitui. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni. Sababu kuu: umma haukushirikishwa ipasavyo kwenye tathmini, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Unaona uzi unaounganisha? Lamu na Mui ni mradi mmoja wenye ncha mbili. Ncha moja ikikatika, nyingine inayumba. Ndiyo maana mgombea akisema "tutachimba Mui", muulize: makaa yatachomwa wapi?

18/ "Lakini nchi inahitaji umeme!" Kweli. Ila zaidi ya asilimia 80 ya umeme wetu tayari unatokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Olkaria inatoa umeme usiku na mchana bila kuchoma chochote. Hii haimaanishi makaa au gesi ni haramu. Inamaanisha anayetaka kuleta kitu kichafu zaidi ya tulicho nacho ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini. Na gesi, ingawa inaungua safi kuliko makaa, ikivuja kabla ya kuchomwa ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa.

19/ "Gesi ikichimbwa bei ya mtungi itashuka." Hii nimeisikia sana, na inawagonga akina mama kwa sababu kuni zimeisha na makaa ya miti yamekuwa dhahabu. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani. Gesi ya ardhini kwa sehemu kubwa ni methani. Haiingii kwenye mtungi wako wa kilo 6. Inahitaji mabomba hadi nyumbani, au igeuzwe kimiminika kwa baridi kali isafirishwe na meli. Tanzania inatoa gesi Songo Songo tangu 2004, na imewasaidia kweli kwenye umeme na viwanda. Ila mitungi ya kupikia bado hujazwa gesi inayotoka nje.

20/ "Vijana watapata kazi." Watapata baadhi. Kazi nyingi huwa wakati wa ujenzi: kufyeka, kubeba, kulinda lango. Uchimbaji ukishaanza, mashine zinachukua nafasi na mafundi wanatoka mbali. Na mgodi una umri. Angalia Kwale: madini ya titani yalianza kusafirishwa 2014, na Desemba 2024 mgodi ukafunga. Miaka kumi hivi. Mtoto aliyezaliwa meli ya kwanza ikiondoka hajamaliza hata shule ya msingi, mgodi umeisha. Muulize mgombea: kazi ngapi, za aina gani, za miaka mingapi, na baada ya hapo?

21/ Pesa je? Hapa ndipo lile la umiliki linarudi. Ibara ya 62 ya Katiba inasema madini na mafuta yote ni ardhi ya umma. Shamba ni lako, hati ni yako, lakini kilicho chini si chako. Mmarekani anayeonyeshwa kwenye video akilipwa mamilioni kwa gesi ya shambani kwake hayuko chini ya sheria yako. Wewe unapata fidia ya ardhi, na jamii yako inapata mgao.

22/ Mgao wenyewe:

– Madini (Sheria ya 2016): mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii.
– Mafuta na gesi (Sheria ya Petroli ya 2019): sehemu ya serikali hugawanywa asilimia 75, 20 na 5.

Kwenye mswada wa awali wa petroli jamii ilikuwa na 10. Ikakatwa nusu ikawa 5. Kwa hivyo mtu akiahidi "pesa za gesi zitabaki hapa", mwambie sheria inasema robo tu ndiyo itabaki, na nyingi ya hiyo ni ya kaunti. Sheria kupitishwa ni hatua moja. Pesa kumfikia mwananchi ni safari nyingine, na watu wa Kwale wanaijua urefu wake.

23/ Watu wasipoelewana mapema kuhusu mgao, wanaelewana barabarani. Turkana mafuta yalipatikana 2012. Oktoba 2013 wakazi wakavamia maeneo ya kazi wakidai ajira na zabuni, kazi ikasimama kwa muda. Kati ya Juni na Agosti 2018 malori ya mafuta yalizuiwa. Mtwara, Tanzania, 2013, mpango wa bomba la gesi kwenda Dar es Salaam ulizua ghasia, watu wakafa, jeshi likapelekwa. Mtwara hawakukataa gesi. Walikuwa wanauliza kwa nini inapita mlangoni kwao ikielekea kwa wengine.

24/ Sisi wa Makueni tusijione watazamaji. Tuna elimu yetu ya uchimbaji: mchanga. Sisi wa Salama tumekua tukiona malori yakipanda barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi. Kijana wa kupakia alipata ya siku, mwenye lori akapata zaidi, jengo likasimama mjini. Mto ukabaki mwamba mtupu. Mchanga wa mto wetu ni tangi: maji ya mvua hujificha kati ya chembe zake, na kiangazi unachimba kwa mkono unachota. Wazee wetu walijenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya wakijua hilo. Ukiuza mchanga umeuza maji.

25/ Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ikapitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Ilikuja kwa sababu watu walipiga kelele, wengine wakihatarisha maisha. Funzo lake ni rahisi kuliko nadharia yoyote niliyosoma darasani: kitu kinachochimbwa kinalipwa mara moja, maji unayahitaji kila siku. Ukitaka kupima mradi wowote wa kuchimba eneo kame, anza na maji, malizia na pesa. Wanasiasa wengi huanza na pesa na hawafiki kwenye maji.

26/ Hoja mbili za mwisho utakazorushiwa.

"Wazungu walichimba wakatajirika, sasa wanatuzuia." Kuna ukweli hapo, na haki ya tabianchi ni mjadala halali kabisa. Lakini mama wa Mui si Mzungu. Akiuliza atakunywa nini, hajatumwa na mtu. Dhuluma ya Ulaya ya jana haimpi mtu wa hapa leseni ya kumdhulumu jirani yake leo.

"Wanaopinga ni maadui wa maendeleo." Wengi hawapingi. Wanauliza. Na anayeogopa maswali ana sababu.

27/ Silaha zako zimo kwenye Katiba, ziandike mahali:

– Ibara ya 35: haki ya kupata habari. Ripoti na mkataba, omba kwa maandishi.
– Ibara ya 40: ardhi ikichukuliwa, fidia ya haki na ya haraka. Na inaruhusu hata mkaaji wa nia njema asiye na hati kufikiriwa.
– Ibara ya 42 na 70: mazingira safi, na haki ya kwenda kortini hata kabla madhara hayajatokea.
– Ibara ya 69: umma ushirikishwe kwenye mazingira.
– Ibara ya 71: mikataba mikubwa ya maliasili iidhinishwe na Bunge.

Leseni ya mazingira ikitolewa na hukubaliani nayo, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Siku 60 zinapita kama upepo. Usingoje mkutano wa pili.

28/ Sasa maswali saba. Yapige picha, yabebe kwenye baraza:

1. Ni nini hasa mnachimba: makaa, mafuta, gesi ya kawaida au ya kupasua mwamba?
2. Kiasi kilichotajwa kimethibitishwa kwa visima vingapi, na nani alipima?
3. Maji yatatoka wapi kiangazi, na machafu yataenda wapi?
4. Ni vijiji gani vitahama, lini, na fidia italipwa kabla au baada?
5. Mkataba uko wapi tuusome?
6. Asilimia ya jamii itapitia akaunti gani, na nani ataisimamia?
7. Mkimaliza, nani atafukia mashimo, na pesa za kazi hiyo zimewekwa wapi tayari?

29/ La saba ndilo husahaulika zaidi, na ndilo linaumiza zaidi. Kampuni inaweza kufilisika au kuuzwa. Kiongozi aliyetia saini atakuwa amestaafu. Shimo halistaafu. Dhamana ya kurekebisha ardhi idaiwe mwanzoni, wakati mchimbaji bado anakuhitaji. Akishapata alichotaka, hutamwona tena.

30/ Sijaandika haya ili mtu akatae kila mradi. Ukambani kuna njaa ya kazi, na kijana aliyekaa bila kitu miaka mitano hawezi kula hotuba ya mazingira. Mradi unaojibu maswali saba vizuri, kwa maandishi, mbele ya watu, una haki ya kuungwa mkono. Ila wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Anayetaka kura yako kwa ajili ya utajiri wa chini ya ardhi, aje na daftari.

Mwisho wa uzi. Ukimfahamu mtu wa Mui, Zombe, Mutitu au popote palipopimwa kitalu, mtumie. Na kama mzazi wako hasomi mtandaoni, msomee maswali saba jioni. Yeye ndiye atakayeitwa kwenye baraza.